Pampu Yenye Haya

Wewe hapo, ukiambiwa pampu haitoi maji kwa sababu inakuonea haya, utajifunika, au utapanda juu ukatazame?

"Tutapanda!"

Waongo. Haya, nijibuni. Jua lilikuwepo?

"Lilikuwepo!"

Mvua ilikuwepo?

"Haikuwepo!"

Na maji?

"Chini kabisa!"

Basi tuyafuate huko huko.

Wageni walikuja kwenye uwanda mkavu wakachimba kisima kirefu. Juu ya mwamba wakatandika paneli, wakasema jua litavuta maji bila tone la mafuta. Wakapiga picha, wakaondoka. Na kweli, jua likipanda, pampu inanguruma, nguu-nguu-nguu, bomba linatapika, chwaaa, birika kubwa la saruji linajaa.

Kiboko, ambaye mto wake ulikuwa umekauka, akaingia birikani mzima mzima. Akajitangaza mwenyekiti wa kamati ya maji. Maji yakija, Kiboko yumo. Yakijaa, Kiboko yumo. Wengine wakalamba tope.

Mama Digidigi alikuwa na mtoto anayenyonya, na maziwa yamemkauka. Akamwendea Pimbi, kale kanyama ka miambani, kadogo kama sungura, kasiko na mkia wala aibu. Pimbi mwenyewe kiu haimsumbui, majani humtosha.

"Kaka Pimbi, mwanangu anakufa."

"Nikimtoa yule bwana, kiti nakipata mimi?"

"Kichukue. Mwanangu apate tu."

Sasa, Pimbi alikuwa na siri. Siku moja alipanda kwenye paneli kuota jua, pampu ikanyamaza. Akashuka, ikanguruma. Hakumwambia mtu.

Asubuhi akaupandisha ukoo wake wote, wakajilaza juu ya paneli, wakazifunika zote. Pampu kimya. Yeye akateremka hadi birikani.

"Mheshimiwa, pampu inakuonea haya."

"Mimi?"

"Umekaa uchi mbele yake, huna hata manyoya. Ingekuwa wewe ungefanya kazi?"

"Mbona jana ilifanya?"

"Jana ilivumilia."

Kiboko akajitazama, kuanzia kifuani kwenda chini, akakatiza njiani. Akatoka birikani kinyumenyume, akaenda kujificha nyuma ya kilima. Jua likampasua ngozi huko huko, na hakuna aliyemlilia. Ukoo ukashuka. Nguu-nguu-nguu, chwaaa. Mama Digidigi akanywa, maziwa yakarudi.

Pimbi akawa mwenyekiti. Lakini paneli zina joto tamu, na mwenyekiti naye ana mgongo. Ukoo ukapanda tena. Pampu kimya.

"Mheshimiwa, kuna tatizo gani?"

"Haya. Jisitirini."

Pundamilia akajipaka tope. Pampu kimya. Mbuni akafunika mapaja kwa mabawa. Pampu kimya. Mama Digidigi akajivika majani, akamvika na mwanawe, majani yale yale ambayo wangeyala. Pampu kimya. Hakuna aliyepanda mwambani kutazama, maana kumchunguza mwenyekiti ni utovu wa adabu. Wenye nguvu wakahama. Wasio nazo wakalala pale pale.

Hadithi yangu nimeitua, anayeitaka aibebe. Na funzo lake ni hili: mheshimu kiongozi wako, vaa vizuri, na usitazame juu.

Ningeondoka hapo, ila Mama Digidigi alipanda mwambani. Si kuchunguza. Alitaka ruhusa ya kumzika mwanawe karibu na bomba. Akamkuta Pimbi amejinyoosha juu ya paneli, na ukoo wake umemzunguka.

"Mheshimiwa," alisema, "nimemfunika mpaka macho. Kuna mahali nimesahau?"

Pimbi akalitazama lile fungu la majani alilobeba mama. Akatazama chini, kwenye birika kavu.

"Hukusahau," alisema. "Pampu haina haya, mama. Ni sisi tuliozilalia paneli. Palikuwa na joto."