Nguchiro Apima Mafunzo ya Fisi

Ngano ije, isije?
Ije, tumeshaketi.

Zamani wanyama walichimba bwawa pamoja, wakala kutoka ghala moja la samaki wakavu. Mkuu wao alikuwa Tembo. Fisi, mkubwa wa mwili na mkubwa wa tumbo, ndiye aliyefundisha sheria za kazi. Kila Ijumaa aliwaita wenzake.

"Bandikeni unyayo kwamba mmefundishwa."

Wakabandika, pu, pu, pu. Wakarudi kuchimba. Na kila Jumamosi samaki walikuwa wamepungua.

Fisi akamsingizia Digidigi. Digidigi akafukuzwa, yeye na watoto wake, kiangazi kile cha njaa.

Nguchiro, jirani yake, hakukubali. Akamwendea Tembo.

"Mzee, mafunzo haya unayapimaje?"

"Kwa nyayo. Zimetimia zote."

"Nyayo zinaonyesha nani alikuja. Mimi nataka kujua nani alielewa. Nipe wiki moja, na mwizi wa samaki nitakuonyesha."

"Ukishindwa, nawe utaondoka."

"Nitaondoka."

Nguchiro akaandika tangazo, akampa Fisi awasomee wote: samaki wanono wa kichanja cha chini wametiwa sumu, wa juu ni salama.

Fisi akalisoma peke yake. Akawaza, "Nikinyamaza, atakayekufa ndiye ataitwa mwizi." Akalikunja. Akawaita wenzake.

"Bandikeni unyayo."

Wakabandika, pu, pu, pu.

Kesho yake Nguchiro akamwita Tembo ghalani, na wenzake wote. Kichanja cha chini, samaki wanono wote wapo. Cha juu, hata mwiba haukubaki.

Nguchiro akamuuliza Kobe, "Tangazo la jana lilisema nini?"

"Sijui. Nilibandika tu."

Akamuuliza Nyani.

"Sijui. Nilibandika tu."

Akawauliza wote. Jibu lilikuwa lile lile.

"Mzee," Nguchiro akasema, "tangazo limemfikia mmoja tu. Na huyo mmoja amewaacha wanono, akapanda kufuata wenye miba."

"Wote walifundishwa," Fisi akasema. "Nyayo hizi hapa."

"Basi kula mmoja wa chini."

Fisi akarudi nyuma. Nguchiro akamchukua samaki yule, akamtafuna mbele yao taratibu, karu, karu, karu. Hapakuwa na sumu yoyote.

Fisi akatimua mbio, kwatu, kwatu, kwatu, Tembo nyuma yake. Digidigi akarudishwa kazini, na Tembo mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwomba radhi.

Ngano imefika, mimi nashukia hapa. Nayo yatufundisha hivi, wenzangu: msisome matangazo ya kazini. Wote ambao hawakulisoma wangali na kazi zao.