Kenge na Kambare wa Mfereji

Paukwa, nyie mlioketi!

Pakawa! Tupe!

Nikiwapa mtasikiliza?

Tutasikiliza!

Hapo zamani za kale palikuwa na mfereji wa kutolea maji kwenye mashamba ya mpunga. Maji yake yalitulia tuli. Ndani yake aliishi Kambare mkubwa, na kando yake aliishi Bata na vifaranga wake saba.

Kambare akameza kifaranga mmoja. Kesho yake akameza wa pili. Siku ya tatu akameza wa tatu. Bata akalia, akawaficha wanne waliobaki ndani ya matete, nao wakashinda na njaa.

Akapita Kenge, mshipi wa kuvulia begani, kifua mbele, utadhani mfereji ni wa baba yake.

"Unalia nini, mama? Mimi ndimi Kenge, mvuvi wa wavuvi! Nipe fungu la konokono, na leo hii utakunywa supu ya Kambare."

Bata akampa. Kenge akabugia. Kisha akasimama ukingoni, akapiga mkia chini, pu! pu! Akapaza sauti: "Mimi ndimi Kenge, mvuvi wa wavuvi!"

Kambare akamsikia, akazama topeni.

Juu ya tete alikaa Mdiria, yule ndege mdogo anayevua samaki. Akasema, "Kaka Kenge, nyamaza kidogo. Samaki anakusikia."

"Kitazameni kidudu hiki! Mwili wako mzima haunijazi jino moja, unifundishe mimi kuvua?"

Akadai fungu la pili. Akala. Akarusha ndoana kwa mbwembwe, ikanasa mkia wake mwenyewe. Akavuta. "Nimempata! Mzito huyu!" Akavuta tena, mpaka akapiga yowe.

Akadai fungu la tatu. Akala. Akajitosa majini, chubwi! Kambare akamzaba usoni, pa! Kenge akatoka mbio, macho yamejaa tope, mshipi ameutupa.

"Mfereji wenyewe hauna samaki," akasema, akaenda kulala kivulini. Mvuvi wa wavuvi huyo!

Mdiria akashuka. "Dada Bata, nimemtazama Kambare tangu asubuhi. Hupanda kuvuta pumzi pale penye matete, kila mara palepale. Tutege hapo, tunyamaze."

Wakaokota mshipi alioutupa Kenge, wakatia mnyoo kwenye ndoana yake, wakaufunga kwenye mzizi mnene, wakanyamaza. Jua likasogea. Bata akawakumbuka wanawe, akataka kulia, akajizuia.

Mara maji yakatikisika. Kambare akapanda, akameza mnyoo. Akavuta huku, akavuta kule, mzizi haukung'oka. Alipochoka, wakamburuta hadi nchi kavu.

Kenge akaja mbio. "Fungu langu liko wapi? Mimi ndiye niliyemchosha!"

Bata akamtazama toka pua hadi mkia. "Kweli umemchosha, kaka. Basi nawe umechoka. Nenda kapumzike."

Ndege wote wa mpungani wakaangua kicheko. Kenge akainamisha kichwa, akatokomea vichakani.

Siku hiyo vifaranga waliingia majini wanne, na wakatoka wanne.

Ngano hii inatufundisha kwamba anayejisifu kabla ya kazi hula chakula cha wenzake bure na kuwapotezea muda. Tena tusidharau ushauri kwa sababu tu anayeutoa ni mdogo.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyesikia ameondoka nayo. Aliyesinzia, shauri yake.