Baiskeli ya Mikono

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na banda la mazoezi nyuma ya kituo cha afya kimoja huko Pemba. Humo walikutana watu watatu waliovunjika uti wa mgongo, kila mmoja na kiti chake cha magurudumu. Mwalimu wao, Bi Zuwena, alikuwa na amri moja: kila robo saa shika kiti, jinyanyue, makalio yapumue. Ukisahau, nyama inaoza nawe husikii.

Kombo alianguka kutoka juu ya mkarafuu, lakini mabega yake ya ukwezi yalibaki mazima. Mize aligongwa na gari akaumia shingo; alipokuja hakuweza kushika kijiko. Shaame, fundi cherehani, aliangukiwa na ukuta.

Siku moja ikaletwa baiskeli ya kuzungushwa kwa mikono. Moja tu. Bi Zuwena akasema, "Baada ya miezi mitatu, aliyefanya mazoezi vizuri kupita wenzake ataichukua." Vizuri vipi, hakusema.

Kombo akanyanyua vyuma. Mize akanyanyua mifuko ya mchanga. Shaame akaishona mifuko hiyo kwa cherehani ya mkono: ya nusu kilo, ya kilo, ya kilo mbili. Wenzake wakizoea uzito, yeye akashona mingine.

Siku ikafika. Kombo akajinyanyua kitini mara arobaini. Mize mara tisa, na ya tisa alitetemeka mpaka kidevu. Shaame akaletwa kwenye machela, kifudifudi, na kidonda cha upana wa kisahani. Kushona kulimsahaulisha robo saa.

"Arobaini ni arobaini," akasema Kombo. "Nataka kurudi shambani nikasimamie wachumaji. Au hapa hatuhesabu tena?"

"Kaka, wewe ulikuja na mabega," akajibu Mize. "Mimi nilikuja nalishwa uji. Na mwanangu ameanza skuli, sijampeleka hata siku moja."

Shaame akacheka kwenye mto. "Na mlipozidisha uzito, mlizidisha mifuko ya nani? Hata hivyo vyuma vyako, Kombo, mishikio yake aliivalisha vitambaa nani?"

"Amri ya robo saa uliijua," akasema Kombo.

"Niliijua. Nilikuwa nakushonea wewe."

Mgeni rasmi, aliyekuja na mpiga picha, akatabasamu. "Ndugu zangu, nyote ni washindi!"

"Alhamdulillahi," akasema Mize. "Ushindi huo una magurudumu mangapi?"

Mgeni akatazama saa yake, akaondoka. Bi Zuwena akabaki na ufunguo wa baiskeli mkononi, macho matatu... sita, yanamtazama.

Wewe unayetikisa kichwa hapo, haya, pokea ufunguo. Wala usiniambie waitumie kwa zamu: mmoja kwao Konde, mwingine Wete, wa tatu Mkoani. Kombo wa arobaini, Mize wa tisa, Shaame wa kidonda: je, nani aliistahili?