Mwanzo wa Alhamisi Kuhama

"Wa nane ndiye azungushaye zamu." Nimemwambia Kangeta maneno hayo alipomkatalia binamu yenu mgeni zamu ya baiskeli, nanyi mnauliza yalikotoka. Haya, ilianza hivi, na ilianzia shambani kwa mama yangu.

Hapa kwetu Upareni maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa letu la mlimani, asubuhi yakafunguliwa kuingia mferejini. Zamani hizo tulikuwa kaya saba, kila kaya na siku yake ya wiki, isiyobadilika. Mama yangu, Mbonea, alikuwa na Alhamisi, siku ya mnada. Ng'ombe wa mnadani walikunywa maji ya mfereji na kuukanyaga kule juu, kwake yakafika matope. Miaka tisa maharage yake yalidumaa, na watu wakasema ni mvivu. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kisha mjane mmoja, Nakunda, akahamia kwetu, kaya ya nane isiyo na siku, na maharage yake yakaanza kunyauka. Akaenda kikaoni kuomba zamu.

"Siku ni saba," alisema Mzee Sekiete, mgawa maji, mwenye Jumatatu yake nzuri. "Wa nane amwagiliwe na mvua."

Nakunda alichuchumaa, akapanga punje nane za maharage kwa duara, akazitajia siku moja moja. "Jumatatu ni wewe, baba. Tunazunguka hadi wa saba, Jumapili. Jumatatu ya pili ni mimi. Wewe unaangukia Jumanne. Duru ijayo, Jumatano."

"Kwa hiyo Alhamisi itanifikia hata mimi?"

"Mara moja katika zamu saba. Na Mama Mbonea ataionja Jumatatu."

Watu wakanung'unika. Ndipo mama, ambaye hakuwahi kufungua kinywa kikaoni, akasimama.

"Alhamisi moja haiui mtu, Mzee Sekiete. Mimi nimezivumilia miaka tisa."

Kikao kikakubali. Nakunda akapewa zamu.

Zamu ya nne ikamkuta Sekiete siku ya Alhamisi. Alisimama na jembe lake, akitazama tope likijikokota kuelekea shambani kwake. Kabla ya mnada uliofuata alikuwa ameshaongoza watu kuchimba birika la kunyweshea ng'ombe kando ya mfereji, kazi ya siku mbili tu. Msimu ule mama alivuna hadi akakosa pa kuanikia, na debe la kwanza alimpelekea Nakunda, amelibeba mwenyewe kichwani.

Haya Kangeta, mpe mwenzio baiskeli. Wa nane ndiye azungushaye zamu.