Ufunguo wa Akiba wa Gari la Mama

KIKAO CHA NNE (CHA DHARURA) CHA KAMATI NDOGO YA KUPENDEKEZA MSHIKA UFUNGUO WA AKIBA. Kumb. Na. FK/GR/07.

Msicheke. Tangazo hilo limebandikwa kwenye mlango wa sebule ya Mzee Kihwele, pale Kihesa, Iringa, na limepigwa mhuri. Mzee alikuwa afisa masjala kwa miaka thelathini na mmoja. Siku alipostaafu alirudisha ofisini kila kitu isipokuwa tabia. Nyumbani kwake chumvi ikiisha, inaandikiwa barua. Sasa kuna kesi imemshinda, nami nimeibeba hadi hapa. Sogeeni, mahakimu ni ninyi.

Mzee ana watoto watatu, na kila mmoja ana kipaji chake.

Leokadia, wa kwanza, ni mwalimu, na kipaji chake ni macho. Hakuna karatasi inayomdanganya. Barua ya uchumba aliyoandikiwa na mumewe aliirudisha ikiwa na alama sitini na nane.

Osmundi, wa pili, anatengeneza mashine za kusaga, na kipaji chake ni masikio. Akipita tu barabarani anakwambia mashine ya nani inasaga mahindi mabichi, na ya nani itakata mkanda kabla ya Ijumaa.

Tasiana, wa mwisho, ni fundi cherehani, na kipaji chake ni mikono. Akikushika bega kukusalimia, ameshajua gauni lako litakula mita ngapi, na kwamba umenenepa.

Mama yao, Bi. Anjelista, alipatwa na kiharusi mwezi wa tatu, mguu wa kulia ukalegea. Daktari akasema afanye mazoezi hospitalini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila kukosa. Miezi hii sita ndiyo mguu unaamua kurudi au kubaki ulivyo. Mama akaenda kwa bajaji wiki tatu. Ile barabara yenu mnaijua, korongo baada ya korongo. Alikuwa anarudi mgongo unauma kuliko mguu. Wiki ya nne akasema, "Naombeni nipumzike." Akapumzika. Miezi haikupumzika.

Hapo Mzee akatoa kiinua mgongo chake, na pamoja nacho akatoa tamko.

"Linunuliwe gari la familia. Liwe la juu, kwa sababu ya makorongo. Liwe haibridi, lile lenye injini na betri kubwa vinavyopokezana kazi, ili foleni ya sokoni isitumalizie petroli. Na atakayetuchagulia gari lililo sahihi, huyo ndiye mshika ufunguo wa akiba."

Mzee ana mtoto wa jicho, haendeshi. Ufunguo wake wa kwanza ungekaa kabatini kwa ajili ya kumbukumbu. Kwa hiyo atakayeshika ule wa akiba ndiye mwenye gari, na hilo watoto wote watatu walilielewa bila kuandikiwa waraka.

Wakaenda yadi. Muuzaji, jina lake Mbaruku, alikuwa na haibridi nne zimepangwa kama maharusi: jeupe, jekundu, jeusi na la kijivu.

Wote walilipenda jeupe. Saa yake ilisoma kilomita elfu arobaini na nane. Leokadia akafungua mlango wa dereva, akainama, akakuta kibandiko kidogo cha kubadilishia oili, kimefifia, kiko ubavuni ambako hakuna anayeangalia. Akavaa miwani.

"Kaka Mbaruku, hapa oili ilibadilishwa kwenye kilomita laki moja na thelathini na moja. Gari hili lilikuwa linarudi kinyumenyume?"

Mbaruku akakohoa. Jeupe likaachwa.

Wakahamia kwenye jekundu, karatasi zake safi. "Sikilizeni ukimya huo!" Mbaruku akajisifu.

"Ukimya wa betri naujua," Osmundi akasema. "Zima kiyoyozi, na nyie mdomo." Akakaa kiti cha nyuma, kichwa kakilaza pembeni kama anasikiliza mtoto tumboni. Dakika ishirini. Injini ikawaka, ikazima, ikawaka tena kabla hata ya kupumua, na nyuma yake feni ya kupoza betri ikalia kama mashine iliyomeza gunzi. "Betri imechoka. Injini inafanya kazi ya wawili." Jekundu likaachwa.

Yakabaki jeusi na la kijivu. Karatasi safi, sauti safi. Mzee alikuwa ameshatoa kalamu aandike jeusi, kwa kuwa linafanana na gari la mkubwa wake wa zamani. Tasiana akatoa futi shingoni, akapima kutoka ardhini hadi kwenye kiti.

"Baba, usiandike. Nimemshonea Mama miaka kumi na miwili, nyonga yake naijua. Hili jeusi itabidi aupandishe mguu, na mguu ndio hauna. La kijivu atageuka tu, atakaa, atazungusha miguu."

Likanunuliwa la kijivu.

"Bila mimi mngekuwa na jeupe," akasema Leokadia kabla hawajafika nyumbani.

"Bila mimi mngekuwa mnalisukuma jekundu saa hizi," akasema Osmundi.

"Na bila mimi," akasema Tasiana, "Mama mngempandisha jeusi kwa ngazi ya kuchumia parachichi."

Mzee akaona kila mmoja ana haki. Kikao cha kwanza akakiahirisha. Funguo zote mbili zikaingia kwenye bahasha, bahasha ikagongwa mhuri, gari likafunikwa turubai. Hakuna safari bila mshika ufunguo. Mama akakosa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Kikao cha pili kikaamua lifanyike jaribio la barabarani, ili mshindi ajulikane. Lakini kwanza Mzee akaagiza viti vivalishwe vitambaa vya makochi, vile vyeupe vyenye tausi alivyofuma Mama kabla ya kuugua. "Mali ya familia haikai uchi," alisema. Wakavalisha hadi mlangoni. Osmundi akaendesha. Walipofika mlima wa Ipogolo, taa ya onyo ikawaka na gari likaanza kujikongoja.

"Feni ya nyuma inakabwa," Osmundi akasema.

"Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili," Leokadia akasema, kitabu cha gari mapajani, "betri inavuta hewa kwenye kitundu kilicho pembeni mwa kiti cha nyuma. Kisizibwe."

Tasiana akapitisha mkono, akachomoa tausi mmoja kutoka kwenye kitundu. Taa ikazimika baada ya muda. Nyumbani akampa Mama kitambaa chake.

Yaani jaribio la kuvunja sare likaleta sare ya pili. Wiki nyingine ikapita.

Jumapili, kikao cha tatu. Huko ndiko adabu ilikoishia.

"Dada, wewe unaendeshwa na kengele ya shule. Mama utampeleka saa ngapi, wakati wa mapumziko ya uji?" akasema Osmundi.

"Afadhali kengele. Wewe ulipewa pikapu ya Baba siku moja, kabla hajaiuza, ikarudi na pumba mpaka kwenye redio."

"Mimi ndiye ninayekaa naye nyumba hii," akasema Tasiana. "Usiku akiita, anamwita nani?"

"Anakuita wewe, Tasi, na huna leseni. Utampeleka kwa cherehani?" akasema Leokadia.

Wakamgeukia Mzee apige kura ya mwenyekiti. Mzee akavua miwani.

"Mwenyekiti ana mgongano wa maslahi."

"Maslahi gani, Baba?"

"Nyote ni wanangu."

Ndipo mlango ukagongwa kwa fimbo. Mama kasimama, kadi ya kliniki mkononi.

"Baba Leo, kesho ni Jumatatu."

"Nimepokea, Mama Leo," Mzee akajibu kwa upole, akiandika. "Linaingia kwenye mengineyo." Kisha akaitisha kikao cha nne kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, na kwenda kutafuta gundi ya kubandikia tangazo.

Basi, mahakimu, mmesikia. Macho yaliokoa, masikio yaliokoa, mikono iliokoa, mara mbili mbili. Mwenye macho ana leseni na kengele, mwenye masikio ana leseni, nafasi na pumba, mwenye kukesha na mgonjwa hana leseni. Je, ingekuwa wewe ndiye unayeifungua ile bahasha, ufunguo ungempa nani? Jibuni mmoja mmoja, na asiandike mtu.

Kilichotokea ni hiki. Jumatatu, saa mbili kasoro robo, kamati ikiwa bado inathibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, Mama aliita bajaji, akakunja kile kitambaa cha tausi akakiweka mgongoni, akaenda hospitali.