Chura Atafuta Jina la Kutungia

Paukwa!

Pakawa!

Aliyelala?

Hayupo!

Haya, sogeeni. Anayetafuna muhogo atafune polepole, nisikike.

Hapo kale wanyama walicheza ngoma kando ya bwawa, na kila wimbo ulifungwa kwa jina la mtunzi wake. Chura alikuwa na nyimbo tele kifuani, ila jina lake alilionea haya. Kasuku alimcheka kila siku: "Wewe mwana wa matope, tangu lini ukatunga?"

Chura akatunga wimbo, mwishoni akabandika jina: Malkia wa Tungo. Kasuku akaudaka wimbo, akang'oa jina, akapachika lake. Sifa akazoa yeye.

Chura akatunga wa pili, akajiita Sauti ya Asali. Kasuku akaudaka, akang'oa, akapachika. Sifa akazoa yeye.

Chura akalia, jamani, akalia hata macho yakamtoka, na mpaka leo hayajarudi. Shangazi yake akamwambia, "Mwanangu, unajivika majina ya harusini. Hayo Kasuku yanamkaa kuliko wewe. Tafuta litakalomkataa."

Chura akarudi topeni alikozaliwa, akakaa, akawaza. Akatunga wa tatu:

*Wingu njoo, usikwepe,*
*Tone moja tu utupe,*
*Tupande mbegu nyeupe,*
*Ni mimi Mwanamatope.*

Kasuku akaudaka huo nao. Akaimba kwa madaha, kufika mwisho akasema, "Ni mimi Kasuku bingwa." Vina vikavunjika, wachezaji wakakanyagana. Mama Kiboko, mwenye ngoma, akanyamazisha wapigaji.

"Wimbo huu una mwenyewe," akasema. "Jina linalokaa hapo ni lipi?"

Shangazi Chura akajibu, "Mwanamatope."

"Ndiye nani?"

Kasuku akaona sifa zinamponyoka. "Ni mimi, mama."

"Basi shuka topeni tukuone."

Kasuku akatazama manyoya yake. Akatazama tope. Akapuruka zake.

"Ni mimi," akasema Chura, na safari hii hakuona haya. Akajitosa chubwi, akaimba tangu mwanzo, na bwawa zima likamwitikia: Mwanamatope.

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Ukitaka jina la kutungia, chukua lile ambalo mwizi ataona aibu kulivaa.

Ngano yangu nimeitua hapa, aliyenogewa aibebe. Mimi mtambaji wenu, Bi Menomawili. Mwenye meno yote kinywani aje aninyang'anye jina.