Andazi la Bei Ile Ile

Hii nimeletewa asubuhi na wifi yangu, nikaisoma nimesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Nikaona nisikae nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho, kisha mtumie yule jamaa yako anayependa kusema kwamba hali si mbaya.

Palikuwa na nchi ikiitwa Chambeko. Nchi hiyo ilikuwa ndani ya Umoja wa Masoko Sita, yaani falme sita jirani zilizokubaliana kwamba bidhaa zivuke mipaka yao bila kutozwa ushuru. Unga wa ngano ulitoka kaskazini, mafuta ya kupikia yalitoka magharibi, na Chambeko nao walipeleka asali na ngozi. Watu hawakuwa matajiri, lakini chai ya asubuhi ilikuwa na cha kuisindikiza.

Mwaka mmoja Mfalme Badi wa Chambeko alikwenda kwenye mkutano wa wafalme, wakamkalisha kiti cha mwisho, karibu na mlango. Alirudi amevimba. Akapanda jukwaani akatangaza, "Tumejitoa kwenye Umoja! Chambeko haikalishwi mlangoni!"

Watu wakapiga makofi. Nani asipige, na askari wamesimama pale wanatazama nani hapigi?

Hata mwezi haukuisha. Mpakani wakawekwa watoza ushuru, unga ukawa ghali, mafuta yakawa ghali, sabuni usiseme. Manung'uniko yakaanza kisimani, yakahamia kwa kinyozi, mwishowe yakafika misibani. Watu wakaulizana, "Hivi ndugu zangu, tutakula yale makofi?"

Habari zikafika ikulu. Waziri wa Masoko, bwana mmoja mnene mwenye maneno laini aliyeitwa Kilapilo, akamwambia Mfalme, "Mtukufu, hili ni jambo dogo. Piga marufuku kupandisha bei."

Amri ikatoka siku hiyo hiyo. Atakayepandisha bei ya kitu chochote sokoni, atanyang'anywa chombo chake cha kazi, na hatauza tena maisha yake.

Sasa pale sokoni alikuwepo mjane aitwaye Siwatu, mpika maandazi. Mali yake ilikuwa karai moja zito aliloachiwa na mama yake. Kwa karai hilo alikuwa amesomesha watoto watatu tangu mume wake afariki. Kazi nyingine hakuijua, wala hakuwa na shamba wala mjomba wa kumkimbilia. Karai likienda, na yeye amekwenda.

Siku aliyosikia amri ile, alisimama mbele ya unga wake akapiga hesabu kichwani mpaka kichwa kikamuuma. Unga umepanda, bei haipandi. Afanye nini?

Akakata donge dogo kidogo.

Mwezi uliofuata akalipunguza tena. Andazi lililokuwa likijaza kiganja likawa kama kiberiti, na kutoka hapo likazidi kunywea. Mchukuzi mmoja wa mizigo alilishika kwa vidole viwili akaliinua juani.

"Siwatu, hili ni andazi au kifungo cha koti?"

"Bei si ile ile?" Siwatu akamjibu.

"Ile ile ndiyo, mama. Lakini kifungo angalau ningekishona."

Watu wakacheka, naye akacheka, maana kulia sokoni ni aibu.

Msidhani alikuwa peke yake. Soko zima lilikuwa limesinyaa. Kipande cha sabuni kilikuwa kinaisha kabla hujafika kwenye kola. Fundi wa vitanda alikuwa anauza kitanda cha futi tano kwa bei ya kitanda cha futi sita, na wenye miguu mirefu wakajifunza kulala wamejikunja. Kila Jumatatu walipita wakaguzi wa Waziri na daftari, wanauliza neno moja tu, "Bei?" Na kila muuzaji aliwajibu maneno mawili, "Ile ile." Wakaguzi wanaandika, wanakwenda zao. Na Kilapilo anampelekea Mfalme habari, "Mtukufu, wakaguzi wangu wamefika sokoni. Ni ile ile."

Kisheria hakuna aliyekosa. Lakini Siwatu roho ilimsuta. Asubuhi moja alimwona mama mmoja ananunua andazi moja, analikata vipande vitatu, anawagawia watoto watatu, kisha anajilamba vidole yeye mwenyewe kana kwamba naye amekula. Siwatu akageuza uso. Alijiona mwizi, na hakuwa ameiba kitu.

Mwaka ukatimia tangu Chambeko ijitoe. Mpiga mbiu akapita mitaani: Mfalme atafanya sherehe. Atafungua kinywa hadharani, sokoni, mbele ya mabalozi wa zile falme tano, waone kwamba Chambeko haijapungukiwa. "Na Mfalme amesema," akapaza sauti mpiga mbiu, "kwamba siku hiyo atakula wanachokula watu wake!"

Mchana wake Kilapilo mwenyewe akafika kwenye meza ya Siwatu. Nyuma yake wachukuzi wawili wamebeba magunia ya unga, na wa tatu madumu ya mafuta, vyote kutoka ghala la ikulu.

"Bi Siwatu, maandazi yako yanasifiwa," akasema. "Umechaguliwa kupika siku ya sherehe. Watu wote wale. Lakini uyapike makubwa, kama ya zamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa. Na kesho yake?"

"Kesho yake ni kesho yake. Ukinifanyia vizuri nitakuweka jikoni ikulu. Ukinitilia mchanga kitumbua changu," akaligonga karai kwa pete yake, "hili nalichukua. Na sababu nitaipata tu."

Akaondoka huku anapunga mkono kwa watu.

Muuza chai wa meza ya pili, Tunu, rafiki wa Siwatu wa miaka mingi, alikuwa amesikia yote. Akamsogelea mbio mbio.

"Shoga, nyota yako imewaka! Pika makubwa, nenda ikulu, na mimi uniombee nafasi huko."

"Na wale watakaobaki hapa?"

"Wewe ni nani, malkia? Mwaka mzima watu wamekula vifungo, siku moja tu ndiyo ikutie kiherehere?"

"Siku hiyo moja ndiyo atakayoiona Mfalme, Tunu. Akiona makubwa, basi. Tutakula vifungo mpaka tuzikwe."

"Na akiona madogo, karai halipo, na watoto wako watakula nini?"

Siwatu alikuwa anaogopa, na hakuona haya kusema hivyo. "Ninaogopa, mwenzangu," akasema, akakaa chini kwenye gunia la unga wa ikulu.

Siku ya sherehe ikafika. Alfajiri Siwatu akakoroga, akakanda, akakata. Maandazi makubwa, yamejaa, hiliki inanukia mpaka barabara kuu. Akajaza sinia saba. Kilapilo akapita kukagua, akaona, akatabasamu mpaka mashavu yakafunika macho.

"Hivyo ndivyo! Na la Mfalme?"

Siwatu akamwonyesha sahani kubwa ya bluu, imefunikwa kawa jipya la ukindu. "Liko humu, Mheshimiwa. Nimelikandia peke yake, kwa mkono wangu."

Waziri akanyoosha mkono, akaurudisha. Kwa desturi ya Chambeko, chakula kikishafunikwa kawa, hakifunuliwi na mtu mwingine ila yule aliyeandaliwa. Kufunua chakula cha mwenzio ni utovu wa adabu, na kufunua cha Mfalme ni kujitafutia makubwa. Akatikisa kichwa kwa furaha, akaenda kukaa.

Mfalme akaja na kanzu yake nyeupe, mabalozi watano wakaketi kushoto na kulia. Watu wakagawiwa maandazi. Nyie, nchi ilinyamaza! Watu walikuwa wanatafuna kwa macho yaliyofumba. Siwatu akabeba sahani ya bluu kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya Mfalme.

Mfalme akafunua kawa.

Katikati ya sahani ile pana palikuwa na kiandazi kimoja, kama kokwa ya kungumanga.

Mfalme akakitazama. Akaligeuza kawa, aone kama mengine yamenasa humo. Akainama akachungulia chini ya meza, huenda yamedondoka. Balozi mmoja akajifanya anakohoa.

"Mengine yako wapi?" akauliza Mfalme.

"Hakuna mengine, Mtukufu. Ulisema utakula wanachokula watu wako. Hicho ndicho tunachokula."

"Mbona wao wana makubwa?"

"Hayo ni ya leo tu, unga wake umetoka ghala lako. Mheshimiwa Waziri aliniagiza niwapikie watu makubwa, nikawapikia. Hilo lako nimelipika kwa unga wangu, kama ninavyopika kila siku."

Kilapilo akaruka kwenye kiti. "Mchukulieni karai! Amemdhalilisha Mfalme mbele ya wageni!"

Askari wawili wakalivamia karai. Siwatu akalikamata upande wa pili, kanga ikamdondoka begani, hakujali. Hofu ilikuwa imemtoka yote, amebaki na hasira tupu.

"Sheria inasema anyang'anywe anayepandisha bei!" akapiga kelele. "Mimi nimepandisha nini?"

Mfalme akainua mkono, askari wakasimama. "Andazi hili linauzwa bei gani?"

Siwatu akafungua mdomo, lakini soko likamtangulia.

"Ile ileeee!"

Loo! Ilikuwa kama mtu kafungua bomba. Muuza sabuni akainua kipande chake juu, "Na hii, Mtukufu, ile ile!" Fundi na wenzake wakakipitisha kitanda juu ya vichwa vya watu mpaka mbele ya Mfalme. Akatafutwa askari mrefu, akalazwa, miguu ikaning'inia nje mpaka kwenye ugoko. "Ile ile!" Mabalozi sasa walikuwa wanafuta machozi ya kicheko waziwazi. Mfalme peke yake hakucheka.

Akamgeukia Kilapilo. "Kila Jumatatu uliniletea habari kwamba ni ile ile."

"Na ni kweli, Mtukufu," akasema Waziri, kijasho chembamba kinamtoka. "Bei haijapanda hata kidogo."

"Sikukutuma ukanitazamie bei. Nilikutuma ukanitazamie watu."

Watu wakasubiri. Wengine walidhani Waziri atafungwa, wengine walidhani atafungwa Siwatu, na Tunu alikuwa ameshaanza kumlilia. Mfalme akakichukua kile kiandazi, akakitia mdomoni, akatafuna mara mbili, kikaisha. Akakaa akisikilizia tumbo lake.

Kisha akasema, "Karai libaki kwa mwenyewe. Na kuanzia kesho, mimi na mawaziri wangu wote tutafungua kinywa hapa sokoni kwa andazi la Siwatu. Moja kwa kila mtu, ukubwa huu huu, tunapanga foleni kama wengine. Hakuna kitu kingine mpaka jua la utosini. Tutaendelea hivyo mpaka unga na mafuta vivuke mpaka bila ushuru."

Mawaziri wakatazamana. Hawa ndio waliokuwa wakisema kwamba mazungumzo na majirani yatachukua miaka mitatu, kwa sababu mambo ni mazito na yana taratibu zake.

Siku ya kwanza walitania. Siku ya tatu hakuna aliyetania. Siku ya tano Waziri wa Fedha alilala usingizi barazani katikati ya kikao, na Waziri wa Vita akagombana na mlinzi kwa sababu ya ndizi. Siku ya saba Kilapilo alipanda punda mwenyewe, bila msafara, bila mwavuli, akaelekea kaskazini. Wenzake wakafuata, huyu magharibi, yule kusini. Mwenye njaa hana taratibu nyingi, na mimi nasema hivyo nikiwajua vizuri jamaa wa kwetu.

Siku ya kumi na moja walirudi na mkataba. Unga, mafuta na sabuni vitavuka bila ushuru, na asali ya Chambeko hali kadhalika. Miaka mitatu yao iliisha ndani ya siku nne! Kama walirudi kwenye Umoja au hawakurudi, hilo mniwie radhi, wifi yangu hakunitumia.

Magari ya ng'ombe yalipoingia na unga, Siwatu alikanda donge la kwanza. Akaanza kukata, na mkono wenyewe ukakata kidogo, maana ulikuwa umezoea. Tunu akamfokea, "Ongeza, wewe!" Akaongeza. "Ongeza tena!" Akaongeza, akaanza kucheka, akajikuta analia, akaendelea kukata huku anajifuta kwa kiwiko. Maandazi yakaingia kwenye mafuta, yakaelea, yakavimba mpaka yakasukumana.

Soko likapiga vigelegele. Wanawake wakambeba Siwatu juu juu, wakamzungusha kutoka wauza samaki mpaka wauza mkaa, watu wanaimba jina lake, na Mfalme mwenyewe yumo kwenye foleni anapiga makofi, na hakuna askari aliyemsimamia.

Na Siwatu kule juu, mikono hewani, anawapigia kelele, "Nishusheni jamani! Nishusheni, yataungua!"

Funzo: Kiongozi anayeuliza bei tu anaweza kudanganywa kwa maneno ya kweli kabisa. Anayetaka kujua hali ya watu wake, na ale wanachokula wao, tena siku ambayo si ya sherehe.